Mama Mkwe Ndani ya Chandarua

Mvua ya siku ya pili ya matembezi haikunyesha, ilimwagwa. Ilipokoma, ukungu ulishuka mzito hata ungeukata kwa panga, na Wesonga akagundua kwamba kundi lote la kanisa limepotea, pamoja na mkewe, Namalwa.

Hilo lilikuwa janga mara mbili. Namalwa ndiye aliyebeba dawa za mama yake, Mama Nanyama, mjane kutoka Bungoma. Mwaka jana nyuki mmoja tu alimvimbisha koo mpaka akazimia, na daktari akaonya kwamba nyuki au siafu wakimpata tena bila dawa karibu, asilaumiwe mtu. Tena Namalwa ndiye aliyekuwa daraja. Kwa desturi ya kabila lao la Wabukusu, mama mkwe na mkwewe hawagusani, hawatazamani, wala hawasemezani. Tangu kundi lilipoondoka Adams Arcade, Nairobi, kukatiza misitu kwa miguu hadi Ngong, Namalwa alitembea katikati akipitisha maneno.

Wesonga alikuwa ameapa kumrudisha mama mkwe bila alama ya mdudu. Alimpakaza mafuta ya mbu kupitia mikono ya Namalwa, akaagiza suruali iingizwe ndani ya soksi, na juu ya yote akamfunika chandarua, bibi harusi wa miaka sabini. Sasa mafuta yameoshwa na mvua, chandarua kimechanwa na miiba, na simu zimekunywa maji.

"Wewe mti," Mama Nanyama akauambia mgumo, "muulize mkwe wangu Ngong ni wapi."

Wesonga akajibu akiwa ameupa mti mgongo. "Mti, mwambie Mama ni huku. Nasikia magari."

Kumbe magari yalisikika kila upande! Honi kushoto, honi kulia, mhubiri akiungurumisha kipaza sauti mbele yao. Walipomfuata mhubiri, akahamia nyuma. Walipogeuka, akaanza kusikika juu, kana kwamba amepaa na spika zake. Mtu kupotea jangwani, sawa. Lakini kupotea huku unasikia makanga akiita abiria?

Wesonga alikinga maji kwenye jani pana, akayaweka juu ya jiwe, akaenda zake. Mama Nanyama akaja nyuma, akanywa. Hivyo ndivyo walivyosaidiana.

Giza lilipokaribia walijificha katika pango lenye ukuta laini ajabu, lililonguruma juu usiku kucha.

"Ukuta," Mama Nanyama alinong'ona, "muulize kama hao ni simba."

"Ukuta, mwambie alale. Wameshiba."

Asubuhi walitokea mdomo wa pili wa pango, wakakuta msitu uleule, au pacha wake. Mpaka leo Wesonga anaapa lilikuwa pango. Mafundi wa barabara wana jina lao: karavati, la kupitishia maji chini ya barabara.

Wakatembea tena. Jua lilipofika utosini, Mama Nanyama alikaa juu ya gogo. Kwa heshima Wesonga alikwenda nyuma ya kichaka na kutazama kwingine. Hapo ndipo adabu ilipotaka kuua mtu, maana mkwe yeyote mwenye macho angeona utepe mweusi ukipita chini ya lile gogo.

"Mti, mwambie mkwe kuna kitu kinanitambaa."

"Mti, mwambie Mama ni jasho."

Mama Nanyama akajipiga kofi shingoni.

"Jasho halina meno! Wesonga! Siafu!"

Aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yake alimtazama mama mkwe usoni, na uso wenyewe ulikuwa unavimba. Siafu walikuwa wamejaa chandaruani kama dagaa wavuni. Alikirarua, akawapangusa siafu mikononi, shingoni, mgongoni, huku wengine wakimpanda yeye ndani ya suruali. Akaivua, akaitupa, akambeba Mama Nanyama mgongoni.

"Nishike shingo, Mama!"

"Nitakushikaje, mkwe? Ni mwiko!"

"Mwiko baadaye! Pumua kwanza!"

Alikimbia bila kujua mashariki wala magharibi. Akapasua vichaka, akapasua ua wa michongoma, akaangukia kwenye shamba la majani ya ng'ombe. Jamaa mmoja, Muchiri, aliyekuwa akiyakata, aliona mwanamume mwenye chupi ya buluu akiwa na ajuza mgongoni. Panga likamtoka mkononi.

"Mzee, hii ni Mutuini, si sarakasi!"

"Hospitali, ndugu yangu! Anakufa!"

Muchiri hakuuliza tena. Aliwasha pikipiki yake, Mama Nanyama akawekwa katikati, na Wesonga akamkumbatia kwa nyuma asianguke. Pumzi zake zilikuwa filimbi nyembamba, kisha nusu filimbi.

Zahanati ilikuwa karibu. Sindano ikaingia. Wesonga alisimama kando ya kitanda akihesabu pumzi za mtu asiyetakiwa hata kumtazama, mpaka zikawa nzito na za kawaida. Hapo akakaa chini, sakafuni.

Namalwa, aliyepigiwa kwa simu ya Muchiri, alifika akikimbia, mkoba wa dawa kifuani, machozi na matope usoni. Mlangoni alikwama. Mamake alikuwa amening'iniza mkono kutoka kitandani, akiwa ameushika mkono wa mkwewe kwa nguvu zake zote.

"Mama! Unamshika mkwe! Tutawaambia nini nyumbani?"

Mama Nanyama akafungua jicho moja, lile lililofunguka.

"Watu wa nyumbani niachie mimi," akasema. "Wewe nenda umtafutie suruali."