Wembe Unaoonja Kwanza

“Nimesema wembe huo haugusi kichwa cha mwanangu!” Mama alifoka, akambana mtoto mchanga kifuani.

“Mwanao ni damu yetu pia,” Shangazi alijibu. “Wembe huu ulimnyoa kaka mkubwa, ukamnyoa mume wako, ukaninyoa mimi. Hata huyu Chiriku ulimnyoa. Wewe wifi umeolewa tu hapa, mambo ya nyumba hii yaache kwa wenyewe.”

“Nimeolewa, sikununuliwa. Akili zangu nilikuja nazo.”

Baba alisimama katikati yao, wembe mkononi, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Alikuwa kinyozi, mtoto wa kinyozi. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka: kioo kirefu, rafu ya mafuta na poda, kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, na pazia la njano mlangoni. Jua la asubuhi lilipopita kwenye pazia hilo, kila mtu mle ndani aligeuka rangi ya manjano.

Kwa wateja Baba hakuwa na mchezo. Kila mmoja alifunguliwa wembe mpya mbele ya macho yake, ukitumika unatupwa. Lakini watoto wa ukoo walinyolewa nywele za kwanza kwa wembe wa Babu, ule wa kukunja wenye mpini wa mfupa. Na ulikuwa na masharti yake. Anayenyoa hujikwaruza kwanza kifundo cha mkono mpaka tone la damu litoke, kisha huufuta wembe kwa kitambaa, ndipo humgeukia mtoto. Tendo hilo waliliita kuonja. Walisema wembe ukishaonja damu ya mkubwa, hauna tena njaa na mtoto.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, aliketi kwenye kibao karibu na mlango. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Siku hiyo hakuwa amesema neno. Alikuwa akikitazama kiti.

Tangu Baba Mkubwa azikwe, hakuna aliyekikalia kiti kile. Wateja waliomba kunyolewa kwenye kibao. Walinong’ona kuwa kiti kilimchukua Babu, kikamchukua Baba Mkubwa, na sasa kinamngoja wa tatu. Wote wawili walikufa kwa namna moja: macho ya manjano, mikono iliyokonda kama vijiti, na tumbo lililojaa kama ngoma. Chiriku alikumbuka siku ya mwisho Baba Mkubwa alipokaa pale. Alijitazama kiooni kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, “Namwona baba yangu.”

Nje lilipita lori. Sakafu ilitetemeka, rafu ikalia, na kiti kikaanza kuzunguka. Polepole, bila kuguswa, kikageuka mpaka kikamtazama Baba.

Shangazi alikinyooshea kidole.

“Mnaona?” Shangazi alisema kwa sauti ndogo. “Kinataka mambo yafanywe kama zamani.”

“Kina boliti iliyolegea,” Mama alisema. “Nimeomba ikazwe mpaka nimechoka.”

Baba alitabasamu bila furaha. Siku hizi alichoka upesi, na mkono wake ulikuwa na tabia ya kushika ubavu wa kulia, chini ya mbavu. “Mama Chiriku, tusigombane. Nimnyoe mtoto yaishe. Zamu yangu ikifika, angalau nitakuwa nimetimiza.”

“Zamu gani?” Mama aliuliza.

Baba alimpa mgongo. Alikunja mkono wa shati, akaushusha wembe kwenye kifundo cha mkono wake.

“Baba, usijikate!”

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Alikuwa amesimama.

“Chiriku,” Shangazi alisema akimkazia jicho, “kaa chini.”

Chiriku alilijua jicho lile. Lilikuwa jicho la siku ile hospitalini, alipotumwa kumpelekea Baba Mkubwa chupa ya chai. Alimkuta daktari akizungumza na Shangazi nje ya wodi: ugonjwa huu unapita kwa damu, ndugu zake wote waje wapimwe. Daktari alipoondoka, Shangazi aligeuka akamwona. Alimkamata mkono akaubana mpaka ukauma. “Umesikia nini?” “Sijasikia kitu, Shangazi.” “Hivyo hivyo. Hujasikia kitu.”

Tangu siku hiyo maneno yale yalikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa akienda kwenye kioo peke yake, anavuta kope chini, anaangalia kama macho yake yameanza. Pazia lile lilimtisha kila mara. Akikimbia nje kwenye mwanga, macho yanakuwa meupe. Halafu anarudi kumwangalia Baba, anangoja atoke nje, anaona yake nayo ni meupe, anapumua. Kesho yake anaanza tena.

“Daktari alisema tupimwe,” Chiriku alisema. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. “Ndugu wote. Alisema ugonjwa wa Baba Mkubwa unapita kwa damu. Shangazi aliniambia nisiseme. Na wembe huo Baba Mkubwa aliuonjesha damu yake, akaninyoa mimi.”

Shangazi aliketi kwenye kibao alichokiacha Chiriku.

“Ni kweli?” Baba alimuuliza dada yake.

“Ulitaka nifanye nini?” Shangazi alijibu, sauti ikimpasuka. “Mtaa ukisikia ukoo wa vinyozi una ugonjwa wa damu, nani atakuletea kichwa chake? Watoto hawa watakula nini?”

Mama hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua wembe mkononi mwa mumewe, akaufunga katika kitambaa, akamtupia Shangazi mapajani. “Huo utaubeba wewe. Chiriku, vaa viatu. Baba Chiriku, funga duka. Leo Jumamosi, zahanati wanafunga mchana.”

Wakaenda. Shangazi alifuata nyuma kwa mbali, kama mtu asiyejuana nao.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mnene mwenye miwani shingoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuguna, kisha akawatoboa Baba na Chiriku vidole. Mama alikwishapimwa kliniki alipokuwa mjamzito, na hakuwa na kitu. Walingoja kwenye benchi. Chiriku alikitazama kipande cha pamba kwenye kidole chake. Doa jekundu lilitanuka kidogo, likasimama. Kama kuna kitu humo, aliwaza, kimeniangalia miaka yote hii kwa ndani, na mimi nilikuwa nikikitafuta kwenye kioo.

Muuguzi alirudi. “Baba, nikueleze peke yako?”

“Sema wote wasikie,” Baba alijibu. “Siri imeshatula vya kutosha.”

“Basi. Una virusi vya homa ya ini aina ya B. Huenda umekuwa navyo tangu uchanga wako.”

“Lakini macho yake ni meupe!” Chiriku alipayuka. “Nayaangalia kila siku!”

Muuguzi alimtazama kwa huruma. “Macho huchelewa sana kusema, mwanangu. Virusi hivi hukaa kimya kwenye ini miaka na miaka. Mtu anakula, anacheka, anafanya kazi. Ini linapata makovu kidogo kidogo, na kwa baadhi ya watu linaota saratani. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi havimtoki tena. Baba yako mkubwa alikuja hapa ini lilipokuwa limeshaharibika.”

Baba alishika ubavu wake. “Kwa hiyo zamu yangu ndiyo hii.”

“Zamu yako ni ya kuingia chumba cha pili,” muuguzi alisema, “wachukue damu nyingine, waandae picha ya ini lako. Likihitaji dawa, utapewa vidonge vya kuvizuia virusi. Pombe usiiguse. Kila baada ya miezi sita utarudi tuliangalie tena, hata ukijiona una nguvu za fahali. Watu wengi huishi hivyo mpaka wakazeeka.”

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Baba alikaa wima.

“Na mimi?” Chiriku aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa jina lake.

“Wewe huna. Una kinga. Mama yako alikuleta kwenye chanjo zote?”

“Zote,” Mama alisema. “Hata siku ya mvua.”

“Inaonekana chanjo ilifika kabla ya wembe. Huyu wa mgongoni naye tunamwanzishia sasa hivi. Na wewe mama utachanjwa. Mengine yasiwatie hofu. Kuleni pamoja, mkumbatieni, shikaneni mikono. Havipiti kwa sahani wala kwa kukohoa. Vinapita kwa damu, kwa mume na mke, na kwa mama anapojifungua. Kwa hiyo wembe, mswaki na sindano, kila mtu na chake.”

Baba alicheka kicheko kifupi chenye uchungu. “Wateja nawapa wembe mpya. Wanangu niliwawekea huu.”

Alipoingia chumba cha pili, Mama alimgeukia Chiriku. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

“Nisikilize vizuri. Siri ya zawadi, itunze. Siri inayoweza kumwua mtu haitunzwi, hata kama aliyekuambia ni mkubwa, hata kama ni mimi. Unaileta mchana kweupe. Na ugonjwa hautafutwi kwenye kioo, unatafutwa kwa kipimo. Umenielewa?”

“Ndiyo, Mama.”

“Haya. Umefanya vema. Futa kamasi.”

Shangazi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kitambaa mapajani. Alikuwa ameyasikia yote. Aliinuka, akaenda hadi kwenye sanduku la kutupia sindano, akafungua kitambaa. Wembe wa Babu ulimeta. Aliutazama kama mtu anayeaga.

“Hauna njaa,” alisema, si kwa mtu yeyote. “Miaka yote hii. Ni chuma tu.”

Akauachia. Ukalia mara moja ndani ya sanduku.

Kisha akakaa kwenye kiti mbele ya muuguzi, akanyoosha mkono. “Na mimi wembe huo ulininyoa. Toboa upesi, kabla sijakimbia. Chiriku, njoo unishike.”

Chiriku alikwenda, akaukamata mkono wa shangazi yake, akaubana kwa nguvu. Muuguzi akatoboa.