Neno la Siri la Manju Masalu

Masalu wa Ushetu alikuwa na ng'ombe wanne, shamba la tumbaku, na mdomo. Mdomo ndio uliojulikana zaidi. Alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kila asubuhi alikamua maziwa huku akitunga nyimbo za kuwasuta wapinzani. Kisha aliziandika kwenye simu, katika daftari linalofungwa kwa neno la siri.

Mashindano yalikuwa keshokutwa. Kwao makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Wimbo ukivuja mapema, mpinzani hutunga jibu, nawe umekwisha.

Siku hiyo Masalu na mkewe Generoza walikwenda Kahama. Wakapita kwa Noela, fundi simu, kununua chaja. Kwenye benchi alikaa Makoye, manju wa kundi pinzani.

"Nasikia mwaka huu huna wimbo," Makoye alisema.

"Ninazo tatu, zimo humu. Sogea. Hata ukikodoa macho kama chura, utaona nukta tu."

Masalu aliandika neno la siri bila kutazama simu. Alimtazama Makoye usoni. Makoye alitazama kioo. Hakuona nukta. Aliona herufi, kubwa na nyeusi. Akazisoma polepole, kama msomaji wa kanisani.

"Makoye... ndiye... bingwa." Akamgeukia Masalu. "Asante, ndugu yangu. Sikujua."

Generoza alishika kiuno. "Baba Wema, mimi mkeo hujawahi kuniita bingwa."

"Nilichagua neno ambalo hakuna mtu angedhani linatoka kwangu," Masalu alinong'ona.

Makoye aliinuka akipiga mluzi. "Kesho nitapita kukusalimia. Simu usiiweke mbali."

Alipoondoka, Masalu alimgeukia Noela. "Simu imerogwa hii."

"Haijarogwa, baba. Programu ya daftari imejisasisha."

"Imejifanyaje?"

"Waliotengeneza wametuma toleo jipya. Usiyakatae matoleo mapya, maana huziba matundu ya wezi. Lakini wakati mwingine hubadilisha mambo. Hili linaonyesha herufi ili mtu asikosee kuandika. Gusa hapa penye alama ya jicho. Sasa andika."

Masalu aliandika. Nukta zikarudi. Akashusha pumzi. "Basi, yamekwisha."

"Hayajaisha. Neno lililoonekana si siri tena. Libadilishe sasa hivi."

"Niweke jina la dume langu la ng'ombe?"

"Dume ulilolisifu kwa wimbo mbele ya kijiji kizima?"

Generoza alicheka mpaka akakaa.

"Unganisha maneno matatu au manne yasiyohusiana," Noela alisema. "Usimtajie mtu. Na kila programu ikijisasisha, andika kwanza herufi moja ukiwa peke yako, uone kama inafichwa. Hata zikiwa nukta, geuka. Vidole navyo husomwa."

Masalu alitoka nje, akaelekea ukutani, akainamia simu.

"Fanya haraka," Generoza alimwambia. "Watu watadhani unakojoa."

Kesho yake Makoye alifika kweli. Aliomba simu ampigie mkewe. Masalu alimpa, akaingia ndani kuchota maziwa. Hakuwa na haraka. Aliporudi, Makoye alikuwa ametulia kama mgonjwa. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mekundu: Neno la siri si sahihi. Umejaribu mara tisa.

"Mkeo hajambo?" Masalu aliuliza.

"Hakupokea," Makoye alisema, akanywa maziwa yote.

Siku ya mashindano Masalu aliimba nyimbo ambazo hakuna sikio lililokuwa limezisikia. Wimbo wa kwanza ulivuta vijana. Wa pili ukavuta akina mama na viti vyao. Ulipoanza wa tatu, upande wa Makoye walibaki wapiga ngoma wake na mbuzi mmoja. Mbuzi naye akaondoka. Makoye alisimama kidogo, akavuka uwanja, akajificha nyuma ya umati. Mdomo wake ulinuna, lakini miguu yake ilikuwa inacheza.