Usiseme Pita

Mambo haya yalimpata mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Nilikuwa naishi nyumbani kwake, katika chumba cha nyuma, na ndimo nilimo hadi leo. Sitataja jina lake la kuzaliwa. Watu wote walimwita Mbio, na kwa habari hii jina hilo linatosha.

Siku ilianza vizuri. Mavuno ya zabibu yalikuwa yamekwisha, majani ya mizabibu yalianza kugeuka rangi ya kutu, na uani mwa kiwanda cha divai nyuki walikuwa wakiyumba juu ya makapi kama walevi. Mbio alikuwa dereva wa trekta shambani hapo. Msimu ule meneja alimpa kazi iliyomfurahisha kuliko trekta: kupanga njia ya mbio kwa ajili ya wageni. Wageni wangekimbia katikati ya mizabibu, washuke korongoni, waufuate mto hadi daraja la mbao, kisha wapande kilima na kurudi kwenye mapipa waonje divai.

"Wakishaonja hawataweza kurudi kwa miguu," nilimwambia.

"Ndiyo maana kuna trekta, mjomba."

Mkewe alicheka hadi akasimamisha cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, na sisi sote, hata mumewe, tulimwita Fundi. "Mjomba, usimpe maneno," alisema. "Huyu ukimpa chai, anaondoka kabla haijapoa. Nimeolewa na vumbi."

Maisha yangu yote ya kazi nilichora ramani, na walimu walionifundisha walikuwa wakali wa majina. Korongo ni korongo, bonde ni bonde. Basi niseme sawasawa. Kabla ya kufika darajani kuna kijia kilichochongwa ubavuni mwa korongo. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa tupu, na mto uko chini kabisa. Watu wawili hawapishani hapo mpaka mmoja ajibane mwambani. Wachumaji wa zabibu wamevusha matenga yao kwenye kijia hicho tangu enzi za babu zao. Aliye nyuma, akiwa na haraka, husema, "Nipishe." Wa mbele hujibana na kumjibu, "Tangulia."

Hawatumii neno jingine. Shambani watasema pita, dukani watasema pita. Kwenye kijia ni tangulia tu. Niliwahi kuuliza sababu. Nikaambiwa ndivyo inavyosemwa.

Mbio alitaka wageni wajue la kufanya hapo. Alichukua kopo la rangi nyeupe akaandika mwambani, kwa herufi kubwa: WA NYUMA ASEME NIPISHE. WA MBELE AJIBU PITA.

"Neno la hapa ni tangulia," nilimwambia.

"Mjomba, mtu anahema! Tangulia ni refu, utalimaliza umeishiwa pumzi. Pita. Mara moja, imekwisha."

Wachumaji wawili waliokuwa wakirudisha matenga matupu waliyasoma maandishi yale. Mmoja wao, aliyezoea kumtania Mbio kila anapomwona akikimbia, "Leo umeiba nini?", siku hiyo hakumtania. Alimwangalia, akamwangalia mwenzake, wakaondoka. Waligeuka na kurudi walikotoka, wakazunguka kwa njia ndefu ya juu.

Jioni ile, jua likiwa bado kilimani, Mbio alitaka kuijaribu njia yote kwa mara ya kwanza. Mimi nilimsubiri darajani na chupa ya maji. Kutoka hapo kijia chote kinaonekana. Nilimwona akitokeza kwenye kona, fulana yake nyekundu, hatua zake nyepesi. Alikuwa peke yake.

Katikati ya kijia alipunguza mwendo. Aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayesemeshwa. Kisha akajibana mwambani, akanyoosha mkono mbele kwa heshima, kama unavyomwonyesha mtu njia.

Alisimama hivyo kwa muda. Mkono umenyooka. Hapakuwa na mtu.

Alipofika kwangu hakuchukua maji. "Yule mwingine amepita?" aliuliza.

"Nani?"

"Alikuwa nyuma yangu. Ananihemea hapa." Aligusa kisogo. "Akasema nipishe. Nikamwambia pita. Nikamngoja. Hakupita."

Nilitazama mgongoni mwake. Fulana yote ilikuwa kavu. Kola tu, upande wa nyuma, ilikuwa imelowa maji.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Mbio alisimama. Hakuvua raba, hakuingia. Alisimama tu akiangalia ndani, mikono imelala ubavuni. Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akacheka.

"Mbona umesimama kama mgeni? Pita ndani."

Akaingia.

Asubuhi iliyofuata hakunipa shikamoo. Tangu mtoto yule ajue kusema, hakuwahi kunipita bila shikamoo, hata siku alizokuwa amenikasirikia. Alikaa mezani kwenye ukingo wa kiti, nusu ya kiti ikabaki wazi nyuma yake. Nilidhani amechoka.

Raba zake zilikuwa mlangoni. Zilikuwa zimelowa, na ncha zake zimeelekea njiani.

Siku zikapita hivyo. Akawa hakimbii tena. Alienda kazini, akarudi, akakaa ukingoni mwa kiti. Akisemeshwa hujibu, lakini jibu linachelewa kidogo, kama linatoka chumba kingine. Chai aliimaliza ikiwa inafuka moshi, bila kupuliza. Na kila asubuhi raba zilikuwa mlangoni, zimelowa, zimegeuzwa. Fundi aliziweka kabatini. Akafunga kabati. Zikawa mlangoni.

Siku moja, Mbio akiwa kazini, Fundi alikuja kwenye chumba changu. Hakukaa. Alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mjomba, huyu anayelala kwangu si mume wangu."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Usingizini anaomba. Anasema nipishe. Nipishe, tafadhali, nipishe. Sauti ni ya Mbio, naijua. Lakini inatoka mbali. Kama mtu aliye nyuma ya mtu."

Niliinuka nikaufunga mlango.

"Na jana," alisema, "ilikuwa mbali zaidi. Mjomba, nikingoja tena sitaisikia."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno. Njiani, pita maana yake nenda zako. Lakini mlangoni, pita maana yake ingia. Aliyekuwa kwenye kijia hakuwa na njia ya kwenda. Alikuwa anatafuta mlango. Mpwa wangu alimfungulia mwilini, na mkewe akamfungulia nyumbani, wote wawili kwa neno lile lile la ukarimu.

Nilimwambia Fundi tumrudishe Mbio kijiani, na yule aliyemwingia aambiwe neno la pale, tangulia. Hakuuliza kama nina hakika. Alichukua shali yake.

Tulikwenda mchana, jua likiwa kali. Niliogopa Mbio atakataa. Hakukataa. Alitembea haraka, akitabasamu, na tabasamu halikubadilika njia nzima.

Kijiani, tukielekea darajani kama Mbio alivyokimbia jioni ile, Fundi alitangulia. Mbio katikati. Mimi nyuma. Hapakuwa na upepo. Mto chini ulikuwa na sauti yake ya siku zote.

Tulipofika chini ya maandishi Mbio alisimama.

"Nipishe."

Haikuwa sauti yake. Mdomo ulikuwa wake. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mgongo wake, na mgongo haukupanda wala kushuka. Alisema bila pumzi.

Fundi alijibana mwambani. Alifungua kinywa. Sauti haikutoka.

"Nipishe."

Macho ya Fundi yalitangatanga. Yakapanda juu. Yakayakuta maandishi ya mumewe, meupe, makubwa. AJIBU PITA. Niliona midomo yake ikiyasoma.

"Pi—"

"Tangulia!" nilisema. "Fundi, tangulia!"

"Tangulia," alisema. Tulisema pamoja, yeye na mimi. "Tangulia. Tangulia."

Shali yake ikabanwa mwambani. Ikabanwa kama kwa kiganja, kuanzia tumboni hadi begani. Kisha ikalegea. Mbele yetu, kwenye kijia kitupu, jiwe dogo lilianguka mtoni. Mbele kidogo, jiwe jingine. Kisha jingine. Hatua. Zilikwenda hadi darajani, kwenye njia yetu ya kurudi nyumbani, zikanyamaza.

Mbio aliyumba kuelekea ukingoni. Nilimshika fulana asidondoke. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia siku zote zile bila kusimama, na alipogeuka akaniona alianza kulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," nilimjibu. "Marahaba."

Mkewe alimkumbatia pale pale, kwenye ukingo wa hewa, na hakuna aliyemwambia awe mwangalifu.

Mbio ni mzima. Kesho yake alikwenda na brashi ya chuma akayakwangua maandishi hadi mwamba ukabaki na kovu. Njia ya wageni sasa inapita juu, katikati ya mizabibu tu, na wageni wanasifu mandhari. Yeye hakimbii tena. Anaendesha trekta, anarudi, anapuliza chai yake hadi ipoe, na Fundi anamcheka kwamba amezeeka kwa mkupuo. Wachumaji wameanza tena kumtania. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Mimi nimebaki na lile neno. Nilisema kwamba walimu wangu walikuwa wakali. Walitufundisha kuliangalia neno mbele na nyuma kabla ya kulitumia, na siku ile sikupata nafasi. Unapomwambia mtu pita, umemaliza naye. Unapomwambia tangulia, unamwambia kwamba na wewe unakuja. Hata waliokufa tunasema wametutangulia. Nilikwenda kwa yule mchumaji mtani, nikamuuliza kama wao, kwenye kijia, humjibu mtu wanayemsikia bila kumwona. Aliacha kucheka.

"Mzee," alisema, "sisi hugeuka kwanza tukaangalia ni nani. Kama hakuna mtu, hatujibu lolote."

Sijamwambia Fundi. Kila asubuhi kandambili zake huwa mlangoni, zimelowa, ncha zimeelekea njiani. Mimi huamka kabla yao wote wawili. Huzifuta kwa kitambaa, huzirudisha kando ya cherehani, na yeye huzivaa akiimba, bila kujua.

Leo nilipofika mlangoni nilikuta jozi mbili. Ya pili ni viatu vyangu vya ngozi, ambavyo hukaa chini ya kitanda changu, na mlango wa chumba nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Vilikuwa vimelowa hadi ndani. Kamba zilikuwa zimefungwa, kwa fundo langu, kama ninavyozifunga vikiwa miguuni.