Kielelezo Ndani ya Beseni

Walioibwa walikuwa bado midomoni mwa mama zao.

Ndivyo alivyoandikisha Mzee Chande kituoni, na ndiyo sababu Inspekta Melania alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, Ujiji, mbele ya tangi la kioo. Ndani, samaki weusi wenye mkanda wa njano walikuwa wakiguguna ukijani wa mawe, hawana habari na polisi.

"Jike hutaga, kisha anayaokota mayai na kuyaweka mdomoni," alieleza Mzee. "Yanaanguliwa humo humo. Shavu linajaa hivi. Watoto wakikomaa, anawatema."

"Na hawa?"

"Shavu linajaa, shavu linanywea, watoto siwaoni. Mara ya tatu sasa. Kuna mtu anawafungua midomo na kuwakamua."

Koplo Gasper alikohoa. "Afande, alama za vidole tutazichukua kwenye magamba?"

"Piga picha, Gasper."

Gasper akapiga kwa simu. Mawe, bomba la hewa, samaki weusi, na pembeni wawili wenye sharubu na madoadoa, wamejibana chini ya jiwe.

"Ufunguo wa sebule anao nani?"

"Mimi. Na Marcelina."

Marcelina alikuwa mfanyakazi wa pale, mzaliwa wa Mwamgongo, akiishi Katubuka na binti yake. Kabla ya hapo aliajiriwa na watu wanaosafirisha samaki wa mapambo, na kazi yake huko ilikuwa hiyo hiyo: kufungua midomo ya majike na kuwatoa watoto bila kuwaumiza. Mzee alimchukua kwa ajili ya mikono ile.

"Na ndiyo mikono iliyoniibia!" Mzee alisema kwa sauti, akitoka barazani kulikokuwa kumeshajaa majirani. "Mwizi huyo! Nimemwingiza mwenyewe nyumbani kwangu!"

Maalim Abdul alikuwa ameitwa tangu asubuhi. Halbadiri, kisomo cha laana, ikasomwa pale pale barazani, kila mtu anasikia: aliyesababisha watoto wale wapotee, laana na impate.

Marcelina alitokea uani, mikono ina povu la sabuni. "Mzee," alisema. "Mimi?"

Melania akamvisha pingu, mikono ikiwa bado imelowa. Gari lilikuwa limeachwa barabara kuu, kichochoro hakipitiki, basi wakatembea. Watu wakazomea njia nzima.

* * *

"Unajua kuwatoa watoto mdomoni?"

"Najua."

"Uliwatoa wa Mzee Chande?"

"Hapana."

"Nani mwingine Ujiji anaijua kazi hiyo?"

Marcelina alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. "Simjui mwingine."

"Unajimaliza, mama."

"Umeniuliza, afande."

Melania akageuza kalamu. "Kule ulikofanya kazi, watoto walipotea hivi?"

"Hapana. Lakini kule kila aina ilikuwa na tangi lake. Kwa Mzee wamechanganywa. Sijawahi kukaa na waliochanganywa, siwezi kusema."

Melania aliandika hilo kwa kuwa huandika kila analoambiwa. Akafunga jalada. Jumatatu mtuhumiwa afikishwe mahakamani.

Mchana Wema, binti wa Marcelina, alileta ugali na dagaa. Ni fundi cherehani. Alisimama kaunta, hotipoti mkononi.

"Mwakeye, dada," Melania alimsalimu kwa Kiha, ili kumpoza.

"Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao, afande. Hata ambavyo sijavikata. Wanasema nitawaibia kama mama." Akasukuma hotipoti mbele. "Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli."

Melania akajifanya anatafuta kalamu. Ilikuwa mkononi mwake.

* * *

Mahakama itataka kielelezo. Jike mmoja alikuwa bado na shavu lililojaa, basi Melania akarudi Ujiji na ndoo kumchukua.

Aliyemfungulia mlango hakuwa Mzee Chande wa siku ile. Ndevu zimeota ovyo, kofia hana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado tu mnahangaika na jambo hili?"

"Tunahangaika? Si wewe uliyetuita?"

Mzee akampisha mlangoni. Melania akainama mbele ya tangi. Akatoa simu, akaangalia picha ya Gasper, akaangalia tangi tena.

"Gogogo wako wapi? Wale wenye sharubu."

"Walikufa."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Ukawatupa wapi?"

"Ziwani."

Bi Fatu, mke wa Mzee, alikuwa mkekani anachambua mchele. Akainua kichwa. "Kufa? Si uliwabeba kwenye ndoo wanaruka mpaka ukaweka kifuniko?"

"Fatu, chambua mchele."

"Nachambua. Kwani nachambua kwa mdomo?"

Melania alimtega jike kwa wavu mdogo, akamtia ndooni pamoja na maji ya tangi lile lile, akaaga. Kichochoroni akakutana na Maalim Abdul anatoka msikitini. Walisalimiana. Maalim akasita, akamvuta pembeni.

"Afande, yule mama bado yuko ndani?"

"Bado."

"Kuna jambo linanikosesha raha. Mzee Chande alikuja kwangu akanisihi niitengue halbadiri. Nikamuuliza, mwizi amepatikana? Akalia. Mtu mzima yule, akalia mlangoni kwangu kama mtoto."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema."

Melania alitembea na ndoo yake mpaka kwenye gari. Aliyeibiwa haogopi kisomo cha kumlaani mwizi. Sasa yule mzee alikuwa anaogopa nini?

"Gasper," alisema, "rudi ukamlete mlalamikaji kituoni."

* * *

Beseni la plastiki liliwekwa juu ya meza ya upelelezi. Marcelina alikaa upande huu, Mzee Chande upande ule. Jike alikuwa katikati, anazunguka. Safari ya gari ilikuwa imemtikisa vibaya.

"Atatema," alisema Marcelina. "Akishtuka sana hutema. Hata kama hawajakomaa."

"Mfunikeni!" Mzee alisema ghafla. "Mtamuua, mfunikeni!"

Hakuna aliyemfunika.

Jike alirudi nyuma hadi ukingoni mwa beseni. Koo likavimba. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Kitu kidogo kikatoka, kikazama, kikatulia chini.

Melania akasogeza uso. Hakikuwa cheusi chenye mkanda. Kilikuwa na madoadoa. Kilikuwa na sharubu.

Kikatoka cha pili. Nacho na sharubu. Baada ya hapo mdomo ulikuwa mtupu.

"Mama yangu," alinong'ona Gasper. "Amezaa gogogo?"

Jike alitulia kidogo. Kisha akashuka taratibu, akafungua mdomo, akakiokota kile kitoto cha sharubu, akakirudisha ndani kama chake.

Mzee Chande akaweka viganja usoni.

"Ulijua lini?" Melania aliuliza.

"Kesho yake. Mlikuwa mmeshamchukua." Sauti ilitoka nyuma ya viganja. "Jioni niliwasha taa ya tangi, nikaona vidogo vyenye sharubu vinapita jiwe hadi jiwe. Na mimi nilinunua wawili tu, wakubwa."

"Ulinunua wapi?"

"Kagunga. Niliyapenda madoa. Aliyeniuzia aliniuliza, nyumbani unafuga aina gani? Nikamwambia, samaki ni samaki, wewe nifungie. Basi nilipoona vile vidogo nikampigia simu. Akacheka! Akasema gogogo hupenyeza mayai yake kwenye ya mwenzake, jike anaokota yote. Ya gogogo yanatangulia kuanguliwa, kisha watoto wake wanawala wale wengine mle mle mdomoni. Akaniambia, 'Mzee, si nilikuuliza?'"

"Ukawatupa wale wakubwa."

"Nikawarudisha ziwani."

"Na yeye ukamwacha mahabusu."

Mzee alimtazama Marcelina kwa mara ya kwanza, akashindwa, akatazama beseni. "Nilikuwa nakuja, afande. Wallahi nilikuwa nakuja. Nilivaa kanzu nikafika mlangoni, nikaivua. Kesho yake vilevile. Halbadiri imeshasomwa, mtaa mzima umesikia, na aliyesababisha ni mimi. Ningepita wapi? Nikajiambia, mahakama itakosa ushahidi, itamwachia. Atarudi kwake, na hakuna atakayejua kwamba Chande alikosea."

"Ungeniachia jina la mwizi," alisema Marcelina.

"Ndiyo," alisema Mzee. "Ningekuachia."

Melania alitaka kumkaripia. Alikuwa na maneno tayari. Kutouliza nani anakaa na nani hakuna kifungu cha sheria. Kuwaficha polisi ukweli wakati mtu yuko ndani, kifungu kipo, na jalada lingefunguliwa. Alimwambia hivyo. Lakini katikati ya kusema sauti ilimpungua, maana alikumbuka kwamba mtuhumiwa alikuwa amemwambia siku ile ile: kwa Mzee wamechanganywa. Aliandika, akafunga, akaenda kula.

"Marcelina, uko huru."

"Binti yangu," Mzee alianza, akinyanyuka, "nisamehe, hapa mbele ya afande..."

"Siyo hapa." Marcelina hakunyanyua sauti. "Hapa ananisikia nani? Uliniita mwizi barazani kwako."

Mzee akaketi tena.

"Kweli," alisema Melania. "Na pingu nilikuvisha mimi, nikakupitisha kichochoroni."

Marcelina alimtazama vizuri. "Basi na wewe twende, afande."

Gari waliliacha barabara kuu. Wakatembea kichochoro kile kile, Mzee mbele, Marcelina nyuma yake, Melania mwisho akiwa na sare zake zote. Waliozomea walikuwa milangoni mwao. Kufika barazani watu walikuwa wamejaa: Bi Fatu na ungo wake, Maalim Abdul, na Wema aliyepigiwa simu, bado ana futi ya kupimia shingoni.

Mzee Chande alipanda kizingiti. Akasafisha koo. Midomo ikatembea, lakini waliokaa nyuma waliona tu ndevu zinacheza.

Marcelina akakunja mikono.

"Paza sauti, Mzee," alisema. "Siku ile ulikuwa nayo."