Mtawa wa Bamba la Shaba

Harufu ya mkate moto ilijaa karakana ya Veit, mchonga picha, ilhali tanuri lilikuwa baridi tangu unga ulipokwisha. Mwaka ule mavuno yaliharibika na mji mzima wa Nurnberg ulifunga mkanda. Juu ya mashine ya kuchapia palikuwa na mkate mzima, ukitoka mvuke.

"Nani kauleta?" mkewe Kunigunda alinong'ona.

"Sijui. Usile!"

"Mimi sili. Mwanangu anakula." Akamkatia Apolonia, binti yao mdogo, ambaye kwa njaa alikuwa amebaki macho tu.

Siku hizo Veit alikuwa akichonga kwenye bamba la shaba picha ya Yesu akijaribiwa jangwani. Alimvika Ibilisi kanzu ya mtawa, kucha zikichungulia chini ya pindo, na mkononi rundo la mawe ya kugeuzwa mikate. Alipochapa nakala ya kwanza, jiwe moja halikuwepo. Ukaja mkate wa pili, likapungua jiwe la pili. Veit akamwonyesha mkewe yule mtawa pichani.

"Kunigunda, huyu ndiye anayetulisha."

"Basi mfukuze! Si wewe uliyemchonga?"

Hapo ndipo maskini alipokosea. Mchongaji akiharibu mstari, huusugua kwa chuma laini mpaka shaba irudi tupu. Veit akaanza na uso, akahisi chini ya mkono wake kitu kinahema, akaendelea huku jasho jembamba likimtoka na harufu ya mkate ikigeuka ya nywele zinazoungua, akasugua kanzu, akasugua kucha, mpaka pale aliposimama mtawa pakawa patupu. Akapaka wino, akachapa. Akatokea Yesu peke yake na jangwa lake.

"Hayupo!" Kunigunda alimkumbatia, akicheka na kulia. "Umemweza, mume wangu!"

Veit aliitazama ile nafasi nyeupe. Mistari ile ndiyo iliyokuwa imemfunga Ibilisi, na yeye Veit ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Darini, walikoanika picha, dirisha la mbao liligonga ukuta.

"Apolonia! Uko wapi?"

"Huku juu, baba! Niko na babu mwenye kanzu. Anasema niruke tu, malaika watanidaka."

"Usiruke! Mwanangu, nakuja!"

Akaparamia ngazi. Huko juu walikuwa wanahesabu pamoja, sauti ya mtoto na sauti ya mzee, taratibu, kama watu wachezao. Veit alikuwa bado katikati ya ngazi waliposema tatu.