Banda la Maonyesho Lililohamia Makutano

Kiunga ni mtu wa kupenda rahisi, na rahisi ndiyo iliyomponza. Maonyesho ya kilimo yalipoisha pale Meru, banda moja la mbao nzuri likauzwa, anayelitaka abomoe abebe. Akalibeba, akalisimamisha upya kwake nyuma ya Makutano, vilevile lilivyokuwa: mlango wa kuingilia wageni, mlango wa kutokea, na katikati kijukwaa cha kupangia mazao. Akasema hiyo sasa ni nyumba.

Mama yake akataka kuleta kaa la moto kutoka jikoni mwake, nyumba ijue imepata wenyewe kabla watu hawajalala humo. Kiunga akacheka. "Mama, siku hizi tuna gesi."

Haya basi. Asubuhi ya kwanza mkewe, Gatwiri, alikuta vumbi la viatu sakafuni, kutoka mlango huu hadi ule. Akafagia. Mchana likarudi, pamoja na harufu ya nyasi zilizokanyagwa na jasho la watu wengi. Halafu zikaanza kusikika nyayo, za watu wanaosukumana kwenye foleni.

Akamkuta bintiye, Kinya, amesimama juu ya kijukwaa, mikono ubavuni, hapepesi macho.

"Shuka, mami, uje ule."

"Hawajamaliza kuniangalia," mtoto akanong'ona.

Gatwiri akamvuta. Wapi! Ni kama alikuwa amepigiliwa misumari. Kiunga akaja mbio na shoka avunje kijukwaa, lakini alipokifikia akalishusha, akamtazama mwanawe kama mtu anayechagua mbegu, akatokea mlango wa pili. Huko nje akaangua kilio.

"Mama Kinya, nimesukumwa! Aki nimesukumwa!"

Mchungaji Ndambiri akaitwa. Akaingia na Biblia yake, akasimama, akasema, "Huyu ni mzuri," akapita. Akili zilipomrudia huko nje, alipanda boda boda bila kuaga.

Gatwiri akaingia peke yake, akiapa kwamba hatatoka bila mtoto, akanyoosha mikono, na hapo mabega asiyoyaona yakambana huku na huku, pumzi za watu zikampiga shingoni, miguu yake ikaanza kujiburuta yenyewe mbele ya kijukwaa, kidogo kidogo, na Kinya akamtabasamia kama anayemtabasamia mgeni yeyote.

"Kinya! Ni mimi, mama yako!"

"Karibu," mtoto akasema. "Pita, wengine nao waone."