Kipimo cha Presha cha Semeni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, mkono wa Kisa ulikuwa kazini. Mama yake, Naqiya, muuguzi katika hospitali moja ya Toronto, aliuzungushia mkanda wa kipimo cha presha mbele ya kompyuta. Huko Handeni, Tanzania, ambako ilikuwa alasiri, wanafunzi wake wa mtandaoni walitazama kwa makini.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Semeni, binti hodari kuliko wenzake wote. "Mkono uwe usawa wa moyo, siyo?"

"Marahaba. Ndivyo. Na mgonjwa asiongee."

"Kisa ataweza kunyamaza kweli?" Semeni alitania, wote wakaangua kicheko.

Zahanati ilikuwa mbali na kijiji chao, ndiyo maana walijifunza kuwa wahudumu wa afya wa watu wao wenyewe. Walikosa kipimo tu. Sasa kilikuwa kimenunuliwa, na Mjomba Iqbal angekwenda nacho Jumapili. Si unajua mambo ya Thornhill, kitongoji cha Toronto wanakoishi akina Kisa? Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam, sanduku huwa lake kwa jina tu. Ndani ni vifurushi vya watu.

Jioni moja kabla ya safari, Kisa alikichukua kipimo kipya wacheze udaktari na rafiki yake Zeena ngazini. Kikamponyoka, kikabingirika hadi chini. Kiliwaka bado, lakini Kisa alipojipima, kilimpa presha ya babu kizee. Alipojipima tena, kikasema jingine kabisa. Alikirudisha kwenye boksi lake na kufunga mdomo.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili ilipofika, familia ilisimama mlangoni kumuaga Mjomba. Bibi Khairunissa alimfunga imam zamin, kitambaa chenye sarafu ambacho kwa desturi yao hufungwa mkononi ili msafiri alindwe njiani. Kisa alikitazama kitambaa kikizunguka mkono, pale pale mkanda wa presha unapokaa. Akilini akamwona Semeni akimfunga mama mjamzito mkanda ule, akiamini kila namba itakayotokea. Machozi yakamtoka.

"Mjomba, usiondoke!" Kisa, ambaye hata akisalimiwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, alisema kwa Kiswahili kila mtu akasikia. "Kipimo kimeharibika. Nilikiangusha mimi, nikaficha."

"Sasa hivi ndipo unasema?" Mjomba aling'aka. "Ndege haimngoji mtu!"

Mama alimpima Bibi kwa kipimo kile, kisha kwa kipimo cha Bibi mwenyewe. Namba zilipishana sana: chake kilionyesha presha iko juu, hiki kikasema yuko sawa.

"Kwa hiki, Semeni angemwambia mgonjwa ni mzima, arudi zake shambani," Mama alisema polepole. "Kipimo kinachodanganya ni kibaya kuliko kukosa kipimo."

Muda wa kwenda dukani haukuwepo. Bibi alikikunja kipimo chake na kumpa Iqbal.

"Na wewe Bibi je?" Kisa aliuliza kwa aibu.

"Mimi nitapimwa duka la dawa, pale barabara ya Bathurst. Na wewe utanisindikiza, iwe theluji, iwe jua."

Kisa alimsindikiza Bibi majira yote ya baridi, pua ikimwasha kwa upepo. Hakulalamika.

Jumamosi moja ya mwezi Machi, Semeni alichelewa darasani. Alipotokea, alikuwa anahema.

"Mwalimu, jirani yangu mjamzito alisema anaumwa kichwa tu. Nikampima, presha iko juu sana. Nikarudia, ikawa vile vile. Tukamkimbiza hospitali. Amejifungua salama, mtoto wa kike!"

Mama alifuta macho, akamgeukia Kisa.

"Mimi nikienda huko hukaa wiki mbili nikarudi. Semeni yupo mchana na usiku, ndiyo maana tunamfundisha yeye. Lakini angefanya nini na kifaa kinachodanganya? Kuangusha kitu ni ajali, mwanangu, humpata yeyote. Kuficha ndilo kosa. Uliposema kweli, ulimsaidia Semeni kumwokoa yule mama."

Bibi alikuwa tayari mlangoni, na koti lake amevaa.

"Haya, Kisa, twende. Na mimi mkono wangu unangoja."